Nani Aitikie Hodi ya Mwahija

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana simu zilikuwepo na bando lilikuwa linaisha kabla ya wiki kwisha kama linavyoisha leo, palikuwa na mji uitwao Vumari. Mji wa vilima na vumbi, ng'ombe wengi na mvua chache. Kaeni vizuri. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, kwa sababu mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Watu wa Vumari walikuwa na desturi moja waliyoishika kwa mikono miwili. Huingii nyumba ya mtu mpaka upige hodi, na ukishapiga hodi huingii mpaka uitikiwe. Mlango uwe wazi, wenyeji uwe unawaona wanakula, utasimama hapo hapo mpaka mtu aseme karibu. Kuna mkwe mmoja alisimama kutoka adhuhuri hadi alasiri kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa imelala. Walimcheka sana, lakini hakuna aliyemwambia kwamba alikosea.

Katika mji huo aliishi Bi Mosi, mjane, mfinyanzi wa vyungu, na binti yake mmoja tu aliyeitwa Mwahija. Mwahija alikwenda ng'ambo kufanya kazi za nyumbani, kama walivyokwenda mabinti wengi wa Vumari. Siku ya kuondoka alimwambia mama yake asilie, kila Alhamisi baada ya alasiri atampigia hodi. Bi Mosi alilia vile vile.

Simu ya Bi Mosi ilikuwa kitochi, haipokei sauti za kurekodi. Sauti za Mwahija zikawa zinafikia kwa Bi Sikudhani. Huyu alikuwa wakala, anaweka na kutoa pesa za watu kwa simu, na alikaa chini ya mwavuli nje ya geti la soko. Mnajua masoko yalivyo. Wale wenye vibanda vya vioo chini ya paa waliitwa mawakala wa ndani. Yeye na wenzake wa miavuli waliitwa mawakala wa nje. Lishikeni neno hilo, tutalihitaji.

Basi kila Alhamisi Bi Sikudhani huweka simu juu ya kigoda na kuongeza sauti. Simu inasema, "Mama, hodi." Halafu kimya. Kimya cha kuhesabu moja, mbili, tatu. Ndani ya kimya hicho Bi Mosi huitikia, "Karibu, mwanangu." Simu haisikii, na maneno yenyewe yamerekodiwa tangu jana. Lakini Mwahija huko aliko amemwachia mama yake nafasi ya kuitikia, na mama huku anaijaza. Ndipo binti anaendelea, nimekula, nimelala, huku kuna baridi, nimeota vyungu vyako. Wauza nyanya walikuwa wananyamaza mpaka sauti iishe.

Na mimi nina wangu aliyeko mbali. Ndiyo maana hapa huwa sikimbii.

Sasa inakuja sheria. Msinune, sheria haikuja bure. Mwaka mmoja nyuma yake, ujumbe uliingia katika simu za Vumari kwamba chanjo ya ng'ombe ni sumu. Watu wakaficha mifugo bondeni, na mifugo ikafa huko huko bondeni, mji ukanuka mwezi mzima. Baadaye ikajulikana kwamba waliouandika walikuwa watu wa nchi ya mbali, kazi yao ni hiyo, na wao ng'ombe wa Vumari hawamjui kwa pembe wala kwa mkia. Baraza la Mji likaona hapana, likatunga sheria mbili.

Sheria ya kwanza: kila anayesema na watu wa hapa kwa niaba ya walio nje ajiandikishe kuwa wakala wa nje, na kila atakapopeleka neno kwa watu ampe karani nakala yake, na aanze kwa kusema, "Msikilizaji, haya ni maneno ya wakala wa nje." Sheria ya pili: atakayetengeneza uongo na kuutia katika masikio ya watu, aondoke mjini. Sheria nzuri. Ningekuwa barazani ningenyoosha mkono.

Gari la matangazo likapita sokoni na kipaza sauti, likisema mawakala wote wa nje wafike ofisini kabla ya Ijumaa. Bi Sikudhani alikuwa mtu wa kutii. Hajawahi kupita mlango wa kutokea kwa kuingia. Akafunga mwavuli, akaenda, akawa wa kwanza.

Ofisini alimkuta Karani Shaibu, mtu wa kalamu mbili mfukoni na mwandiko mzuri kuliko wote mjini.

"Wewe ni wakala wa nje?" Karani akauliza.

"Ndiyo, baba. Mwaka wa tisa huu."

"Unapokea kutoka ng'ambo?"

"Kila siku."

"Na unawafikishia watu wa hapa?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Aliyekutuma ni nani?"

"Njaa, baba."

Karani akaandika yote, na hata njaa aliiandika. Bi Sikudhani akapewa cheti namba moja, akakitundika kwenye mti wa mwavuli wake akiwa na furaha. Wenzake wa miavuli ndio waliomwuliza kwa nini amejitangaza kuwa kibaraka wa watu wa mbali. Akarudi ofisini mbio, akaeleza kwamba nje aliyoisema ni nje ya geti. Karani akamwambia daftari lina ukurasa wa kuingia, ila ukurasa wa kutoka, Baraza bado halijauchapa. Kisha akamwuliza taratibu, "Lakini sauti za mabinti si unazipokea?" Akasema anazipokea. "Zinatoka wapi?" Akasema ng'ambo. Basi jina likabaki.

Tangu hapo, kila Alhamisi kabla ya kufungulia sauti, Bi Sikudhani alisimama wima na kusema, "Msikilizaji, haya ni maneno ya wakala wa nje." Mwanzoni watu walicheka. Halafu kicheko kikaisha, wakaanza kutazamana. Neno likisemwa kila wiki linaingia tu. Wazazi wengine waliokuwa wakija kusikiliza sauti za mabinti zao wakapungua chini ya mwavuli mmoja mmoja, hadi akabaki Bi Mosi.

Kisha Mwahija akanyamaza.

Alhamisi ya kwanza Bi Mosi alikaa mpaka soko likafungwa, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Akamwomba Bi Sikudhani wamwandikie balozi barua, wakaianza. Ya nne, hakuna. Ya tano Bi Mosi aliacha kula ugali, akabaki na uji. Ya sita aliacha uji. Vyungu vilipasuka tanuruni kwa sababu moto haukuwa na mtu wa kuuangalia. Ya nane alibebwa mpaka kwenye mwavuli, akasikiliza simu isiyosema, akabebwa kurudi.

Kando ya geti la soko palikuwa na meza ya Kheri, fundi simu. Kheri alikuwa amemposa Mwahija kabla hajasafiri, na jibu lilikuwa bado halijaja. Alimpenda yule binti vibaya sana, niseme tu. Kila sauti aliyoituma Mwahija, Kheri aliiomba kwa Bi Sikudhani akaihifadhi, akawa anaisikiliza huku anabandua vioo vya simu za watu. Alipomwona Bi Mosi amebebwa kama kitanda, roho yake ilishindwa. Alikuwa na programu inayoweza kujifunza sauti ya mtu na kuisemesha neno ambalo mtu huyo hakulisema. Akaipa sauti zote za Mwahija.

Alhamisi ya tisa akaenda kwa Bi Mosi, akapiga hodi, akaitikiwa, akaweka simu karibu na mto. Simu ikasema, "Mama, hodi. Mimi mzima. Ni kazi nyingi tu. Kula, mama."

Bi Mosi akaitazama simu muda mrefu. Halafu akaomba uji.

Kila Alhamisi Kheri akaleta sauti, na kila Alhamisi Bi Mosi akala. Barua ya balozi ikaachwa katikati ya sentensi, maana binti mzima ataandikiwa nini? Mji wote ukafurahi. Na oneni: sauti ya Kheri haikutanguliwa na onyo lolote. Nani angemwandikisha? Haikutoka nje. Ilitoka mezani kwake, hatua kumi kutoka kwenye geti.

Wiki nne baadaye, simu ya Bi Sikudhani ikapokea sauti ya kurekodi kutoka namba asiyoijua. Akafungulia, akasikia, "Mama, hodi." Kisha kimya, moja, mbili, tatu. Kisha: "Mama, simu hii si yangu, ni ya dada mmoja Mhabeshi wa nyumba ya pili. Yangu wameichukua, na pasipoti wameichukua. Mlango unafungwa kwa nje. Nyumba ina lango la kijani, mbele yake kuna duka la maua. Nitafutie mtu, mama. Nataka kurudi nyumbani."

Bi Sikudhani alifunga mwavuli saa ile ile. Sheria ilisema nakala iende kwa karani, akaipeleka. Akaipeleka na kwa kundi la wazazi, akiitanguliza kwa onyo. Wakamjibu kwamba wamemsikia mwenyewe akisema ni maneno ya wakala wa nje, na Mwahija wao ni mzima, Alhamisi tu amesema na mama yake. Akaenda mwenyewe kwa Bi Mosi, akapiga hodi. Bi Mosi akaja mlangoni. Na pale, akiwa na simu mkononi na kidole juu ya kitufe, Bi Sikudhani akafanya kama sheria ilivyomfundisha. Akasimama wima akasema, "Msikilizaji, haya ni maneno ya wakala wa nje."

Bi Mosi akafunga mlango.

Angeanza na sauti, mama angesikia ile hodi. Hakuanza nayo.

Kwa hiyo, ukimtoa Bi Sikudhani, mtu mmoja tu mjini aliisikiliza sauti ile mpaka mwisho, tena mara tatu, naye ni Karani Shaibu. Aliisikiliza kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuinakili. Aliandika kila neno kwa mwandiko wake mzuri, lango la kijani, duka la maua, nitafutie mtu, akapiga muhuri, akafunga daftari. Sheria ilimwambia aandike, haikumwambia afanye kitu kingine. Akaenda nyumbani, akala maharage.

Siku arobaini zikapita.

Mwisho wa kipindi Karani alifungua daftari ili aandike ripoti. Alipofika kwenye ukurasa ule akasoma "nataka kurudi nyumbani," na kalamu ikakataa kwenda. Ripoti ikabaki hapo. Alichukua karatasi akamwandikia balozi barua ndefu, akaiambatisha na nakala ya ukurasa, namba, tarehe na muhuri. Ubalozi ulikuwa unapokea sauti za kilio kila siku, nyingi za kutengenezwa, umeshachoka kuzisikiliza. Lakini ukurasa wa daftari la serikali wenye muhuri ulikuwa kitu kingine. Wakatuma watu. Wakaliona duka la maua, wakaliona lango la kijani, wakagonga mpaka likafunguliwa.

Habari ilipofika Vumari kwamba binti ametolewa alikokuwa amefungiwa na anashughulikiwa karatasi za kurudi, Kheri alifunga meza yake pale sokoni. Kisha akaenda kwa Bi Mosi. Alimkuta mgonjwa, kifua kimembana, uji upo kando. Akapiga magoti akamwambia zile sauti zote alizitengeneza yeye.

"Najua," Bi Mosi akasema.

Kheri akamwuliza amejuaje.

"Nilijua tangu Alhamisi ya kwanza. Mwanangu akipiga hodi huningoja niitikie. Huyo wako hakuningoja."

Ndivyo ilivyokuwa. Mashine ya Kheri ilikiona kimya kuwa ni upotevu, ikakikata. Kheri alikuwa ameisikiliza sauti ya Mwahija mara mia, na kimya kile hakukijua kwamba kina mwenyewe.

Akamwuliza, huku anafuta uso, kwa nini basi alinyamaza miezi yote hiyo. Bi Mosi akasema, "Nilitaka tu kuitwa mama."

Kisha akaagiza Bi Sikudhani aitwe, na aje na ile sauti aliyoifungia mlango. Bi Sikudhani akaja, akasimama wima, akafungua kinywa. Bi Mosi akainua mkono. Na yule mwanamke ambaye hajawahi kupita mlango wa kutokea kwa kuingia akakifunga kinywa chake, akabonyeza bila onyo. Kwa simu yake ya pili akaanza kurekodi, ili jibu la mama aweze kulipeleka.

"Mama, hodi," ikasema simu. Kimya, moja, mbili, tatu.

"Karibu, mwanangu," akasema Bi Mosi.

Alikufa Jumapili kabla ya adhuhuri. Siku tisa baadaye Mwahija akafika.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe. Desturi ya Vumari ni kwamba msafiri haambiwi msiba akiwa njiani. Ataambiwa akishaingia, akishakaa, akishanywa maji. Kwa hiyo Mwahija alikuwa anakuja akijua mama yake anamngoja. Ile karibu iliyorekodiwa haikumfikia, maana simu ya Mhabeshi ilikuwa imezimwa. Na ndani ya nyumba, wakati gari linasikika bondeni, walikuwa watu watatu: Bi Sikudhani, Kheri, na Karani Shaibu. Ndugu wa ukoo hakuwepo hata mmoja. Wakaulizana nani atamwitikia.

Bi Sikudhani akatoa simu yake. Akasema, "Mimi nimebeba sauti ya binti huyu miaka yote, na sijawahi kutia humo neno langu. Nimeitwa kibaraka kwa ajili yake. Karibu iliyomo humu aliitamka mama yake mwenyewe, kwa hodi ya mwanawe mwenyewe. Ni yake. Apewe."

Karani akamjibu kwamba sauti ni ya kweli, ila itamdanganya, maana binti ataingia akijua mama yupo chumbani. Akamkumbusha pia kwamba neno alilolitamka mlangoni siku ile ndilo lililomfanya mama afunge mlango.

Kheri akatoa ya kwake. Akasema, "Mimi ni mwongo, nimekubali. Sauti yangu ilikuwa ya uongo, lakini uji aliokunywa ulikuwa wa kweli, na bila uji huo asingefika hata siku ya kusikia ile sauti ya kweli. Ninaweza kumtengeneza mama anayesema zaidi ya maneno mawili. Karibu, mwanangu, pole na safari, keti. Na safari hii kimya nitakiacha. Baada ya hapo nitamweleza mimi mwenyewe, na kama sheria inataka niondoke mjini, nitaondoka nikiwa nimemwona."

Bi Sikudhani akamwambia barua ya balozi iliachwa katikati ya sentensi kwa ajili ya uongo huo huo, na mama amekufa kabla mwanawe hajafika.

Karani Shaibu alikuwa hana simu mkononi. Akasema, "Lango lile lilifunguliwa na ukurasa wangu. Kama nisingeuandika, hata aliyeyatamka maneno yale asingeaminiwa. Mimi nitamwitikia kwa sauti yangu. Ni sauti ya mzee asiyemjua, na akiisikia tu atajua kwamba mama hayupo, hapo hapo mlangoni, kabla ya maji. Lakini ataitikiwa na mtu aliye hai."

Kheri akamwuliza siku arobaini alikuwa wapi. Karani akainamisha kichwa, akasema alikuwa ofisini.

Bi Sikudhani, kwa mazoea yake ya kutii, akauliza kama akiifungulia sauti ya marehemu atatakiwa kuanza na onyo. Aliyekufa, je, ni mtu wa nje au wa ndani? Wote wakamtazama Karani. Karani alilijua daftari lake ukurasa kwa ukurasa, na ukurasa huo haukuwemo.

Gari likasimama. Mlango wa gari ukafungwa. Hatua zikapanda kilima, za mtu anayejua njia.

Mwahija akasimama mlangoni na mkoba wake. Mlango ulikuwa wazi. Aliona ukuta, aliona vyungu vimepangwa, alinusa nyumbani kwao.

"Mama, hodi," akasema.

Kisha akanyamaza, kama alivyozoea.

Moja.

Mbili.

Amesimama pale, ndugu zangu, na jua la Vumari mnalijua. Mmoja ana karibu ya kweli ya mtu asiyekuwepo. Mmoja ana karibu ya kutengeneza iliyo tamu kuliko zote. Mmoja ana karibu yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyeiomba. Kila mmoja wao amemtendea jema, na kila mmoja wao amemchelewesha. Na binti hataingia mpaka aitikiwe.

Haya, ninyi mnaojua kila kitu. Je, nani anastahili kumwitikia?